Dawa moja, majina mengi

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Asubuhi moja dereva wa kamyo aliingia katika dispansere yetu, akitetemeka. Usiku alisinzia na usukani mkononi. Kwa bahati, gurudumu liligonga tuta la udongo na kamyo ikasimama. Pombe hakunywa. Alikuwa na mafua tu.

«Munganga, alisema, nilimeza kinini za mafua za sokoni, pamoja na zile za kichwa mlizonipa hapa.»

Tuliweka pakiti zote mbili juu ya meza, tukazisoma. Tukaona mambo mawili.

La kwanza: kinini za mafua zilikuwa na klorofeniramini. Dawa hiyo hukausha pua, lakini huleta usingizi, na pombe huuzidisha. Mwenye kuendesha kamyo au mashine asiimeze mbele ya kazi. Pakiti nyingi za kutoka Ufaransa zina picha ya motokari ndani ya pembe tatu. Ukiona picha hiyo, uliza kwanza.

La pili: pakiti zote mbili zilikuwa na parasetamoli. Panadol, Doliprane, Efferalgan: majina mbalimbali, dawa ni ile ile. Mtu mzima mwenye afya humeza kinini 1 au 2 za miligramu 500, halafu hungoja saa 4 mpaka 6 zipite. Kwa mchana na usiku pamoja, zisipite kinini 8. Mwenye kunywa pombe sana, mgonjwa wa maini na asiyefika kilo 50 waulize kipimo chao.

Kupita kipimo huharibu maini. Tena huharibu kimyakimya: siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima, kumbe macho yatakuwa ya manjano siku za nyuma. Ukijua umezidisha, usingoje maumivu. Njoo mara moja. Dawa ya kuokoa maini iko, lakini hufaa zaidi ikianzwa mbele ya saa 8 kupita.

Mama, usimkatie mtoto kinini ya baba yake. Dawa ya mtoto hufuata kilo zake. Mlete tumpime.

Mambo ya kushika:

1. Ukija kwa munganga, leta kila dawa unayomeza, hata ya sokoni, hata ya mizizi.
2. Sema kazi unayofanya, na kama unaingia usiku.
3. Usinunue kinini zisizo na pakiti: hazina jina wala tarehe ya mwisho.
4. Weka dawa juu, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Dereva yule alipumzika siku 2, akarudi kazini mzima. Lakini kosa halikuwa lake peke yake. Sisi pia tulimpa dawa bila kumwuliza: «Umekwisha kumeza nini? Unafanya kazi gani?» Siku hizi tunauliza kila mtu. Nawe, ndugu, tukisahau, utuambie mwenyewe.