Kwenda Tanga na Kurudi Siku Moja

Kwa wenye jamaa Tanga, mpaka wa Lunga Lunga ni kama kizingiti tu. Lakini mlango huo una bawabu. Sisi tulifika pale asubuhi, twenda kumjulia hali bibi yetu mgonjwa, na mtoto mdogo hakuwa na hati ya kusafiria. Mama yake akarudi naye Mombasa. Bibi hakumwona kitukuu chake.

Basi, ndugu wasomaji, wiki kadhaa kabla, kagueni pasipoti au hati ya muda ya kila mmoja, hata anyonyaye, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Vukeni Likoni baada ya Alfajiri. Adhuhuri na Alasiri mtazisali Tanga, rakaa mbili mbili. Kisha ageni mapema. Jamaa wa Tanga hawakuachii kwa kikombe kimoja cha kahawa.