Nyumba ya urithi Kariakoo: Nani ana haki ya kuuza?

MFANYABIASHARA wa Kariakoo akishapata faida ya kutosha, jambo linalomjia haraka ni kununua nyumba. Katika mitaa ya Kongo, Sikukuu, Narung'ombe na Aggrey, kinachogombewa ni kiwanja zaidi ya nyumba iliyo juu yake. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na choo uani, huvunjwa, na mahali pake hupandishwa ghorofa lenye maduka chini na stoo juu.

Biashara hiyo ilianza kushika kasi baada ya Serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje katika miaka ya 1980. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za zamani zilijengwa na wazee ambao sasa ni marehemu. Anayejitokeza kuuza ni mtoto, mjukuu au shemeji, akiwa na dalali pembeni. Hapo ndipo ugomvi huanzia, na mara nyingi anayeumia ni yule aliyetoa fedha.

Kinachouzwa ni nini hasa?

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mnunuzi hununua jengo pamoja na miaka iliyobaki katika hati. Hati iliyotolewa kwa miaka 33 na kubakiwa na miaka minne haina thamani sawa na ile iliyobakiwa na miaka 60, hata kama viwanja vinapakana.

Yapo pia masharti ya matumizi. Kiwanja kilichotolewa kwa makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu tu jirani amejenga maduka. Anayenunua kwa nia ya kujenga ghorofa anapaswa kujua mapema kama atahitaji kibali cha kubadilisha matumizi, maana gharama na muda wa kazi hiyo ni sehemu ya bei.

Mtoto wa marehemu anaweza kuuza?

Kwa kuwa mtoto tu, hawezi. Mali ya marehemu inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo pale ambapo marehemu alifuata sheria ya Kiislamu au mila. Muhtasari wa kikao cha ukoo hupendekeza jina la msimamizi. Haumpi mamlaka ya kuuza. Uthibitisho wake ni barua ya uteuzi, maarufu kama Fomu Namba 4, na mnunuzi anafanya vizuri kwenda mahakama iliyoitoa kuthibitisha kwamba ni ya kweli na haijatenguliwa.

Barua hiyo pekee bado haitoshi. Msimamizi ni mtunzaji wa mali kwa niaba ya warithi, na mahakama inaweza kumwondoa akitumia vibaya nafasi yake. Chukulia mnunuzi aliyemlipa kaka mkubwa Sh milioni 400, kisha dada aliyeolewa Tanga akafika na kudai kuwa hakushirikishwa. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Ghorofa linaweza kuwa limekwisha kujengwa na kupangishwa kabla kesi haijafunguliwa. Hivyo busara ni kupata ridhaa ya maandishi ya kila mrithi na kumlipa kila mmoja mgao wake kupitia benki.

Uchunguzi wa mtaani husaidia. Wapangaji wanajua kodi ya kila chumba hupokelewa na nani. Kama chumba cha mbele kodi yake huchukuliwa na mtu mmoja na vyumba vya nyuma na mwingine, hiyo ni dalili kuwa warithi wako zaidi ya mmoja. Aidha, nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi na warithi, hata wakikubaliana wote.

Na mjane je?

Wengi hudhani mjane ana fungu lake la mirathi tu, ambalo kwa sheria ya Kiislamu ni moja ya nane iwapo marehemu ameacha watoto. Lakini sehemu aliyochangia mwenyewe kuipata nyumba ni mali yake, wala haimo katika mirathi. Mahakama ya Rufani ilitamka mwaka 1983 kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Mume aliye hai naye hana uhuru kamili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Sahihi ya mke, au ya wake wote wanaohusika, itafutwe kabla ya malipo.

Mhuri wa serikali ya mtaa unatosha?

Hautoshi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi mzuri wa nani anaishi wapi, lakini mhuri wake hauhamishi umiliki. Mkataba wa kuuza lazima uwe wa maandishi, na umiliki wa kiwanja chenye hati huhama pale tu uhamisho unaposajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kabla ya hapo mnunuzi ana mkataba na muuzaji, basi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika Ofisi ya Ardhi. Daftari litaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote lililowekwa. Jina likiwa bado la marehemu, msimamizi asajiliwe kwanza, ndipo ahamishe kwa mnunuzi.

Nyumba ya 'Msajili' inauzwa?

Katikati ya jiji lipo suala jingine. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi Sh 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mpangaji wa nyumba hizo akipokea kilemba na kukabidhi ufunguo, hajauza nyumba, maana si yake. Aliyelipa kilemba hana hati, na shirika halilazimiki kumtambua.

Fedha zilipwe lini?

Njia salama ni kutoa malipo ya awali kidogo kwa mkataba uliosimamiwa na wakili wa mnunuzi mwenyewe, na kiasi kikubwa kibaki kwa wakili hadi usajili ukamilike. Mkataba useme nani analipa nini. Kodi ya faida itokanayo na mauzo, ambayo ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, kiasi cha asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi nayo yamalizwe na muuzaji, kwani bila stakabadhi hizo uhamisho hukwama na mtaji wa mnunuzi hulala.

Dalali atasema kuna mteja mwingine anayekuja kesho na fedha mkononi. Mnunuzi aliyeikosa nyumba kwa sababu alisubiri upekuzi bado ana mtaji wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa nyumba za Kariakoo daftari lenyewe liko kwa Msajili wa Hati.