Fomu Imesainiwa, Lori Halijapimwa

Kwenye karatasi, mradi wa kufunga vifaa vya kufuatilia malori haumsumbui mtu. Kuna bei, kuna idadi ya magari, kuna tarehe ya kumaliza. Meneja anataka kuona mafuta na mwendo wa kila lori linalobeba shaba kutoka Kolwezi hadi Kasumbalesa kupitia Likasi na Lubumbashi. Habari hizo tayari zinapita kwenye jozi ya nyaya zilizosokotwa, mtandao wa CAN ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Karatasi haisemi lolote kuhusu majira ya nyaya hizo.

Mtandao huo hauna waya wa saa. Kompyuta ya injini, ya breki na ya gia kila moja hufuata kristali yake, na kristali mbili hazilingani kabisa. Malori mengi huzungumza kwa biti 250,000 kwa sekunde: kila biti ina mikrosekunde 4 tu, nayo husomwa karibu na mwisho, kwenye 3.5 hivi, volti ikishatulia. Badiliko la kwanza la volti huwaambia wasikilizaji wote waanze kuhesabu. Ujumbe ukiendelea, hujirekebisha kidogo kidogo. Biti tano zikifuatana bila kubadilika, mtumaji huchomeka ya sita iliyo kinyume, wenzake wasije wakapotea. Werevu wa kupendeza.

Sasa kifungwe kifaa kilichopangwa kwa biti 500,000. Kisichokielewa hukikatiza kwa ishara ya makosa, na taa za dashibodi zinawaka. Hilo angalau huonekana papo hapo.

Baya zaidi ni kifaa chenye kasi sahihi lakini kinachokuja na rezista yake ndani. Lori lina rezista mbili za omu 120, moja kila ncha. Umeme ukizimwa, mita husoma 60. Ikiongezwa ya tatu, husoma 40. Volti ya ishara hupungua, lakini injini inawaka. “Papa, gari inawaka muzuri,” kijana anamwambia msimamizi, na fomu inasainiwa. Makosa yatakuja baadaye, barabarani, plagi zikilegea kwa mtikisiko.

Simlaumu kijana. Mkataba unaolipa kwa idadi ya vifaa humkata ujira anayesimama kupima. Mimi ningeandika humo kipimo cha omu kabla na baada ya kufunga, kisha kifaa kisikilize tu, bila kutuma chochote, safari nzima ya Kasumbalesa kwenda na kurudi, ndipo malipo yatoke.