Fahamu: Kwa nini gari hula mafuta kuliko lilivyoandikiwa

Namba ya matumizi ya mafuta anayoonyeshwa mnunuzi wa gari jipya Ulaya hutoka maabara. Gari huwekwa juu ya rola za chuma, dereva akakanyaga mafuta na breki kwa ratiba iliyopangwa sekunde kwa sekunde, huku moshi ukikusanywa na kupimwa.

Kwa kuwa ratiba hiyo hujulikana mapema, gari linaweza kutengenezwa lifanye vizuri maabara tu. Kampuni ya magari ya Volkswagen iliutumia mwanya huo. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitangaza kuwa programu ndani ya magari yake ya dizeli ilitambua jaribio na kubana moshi. Barabarani, oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Udanganyifu huo uligusa magari takriban milioni 11 duniani.

Mwaka 2017 Ulaya ilileta kipimo kikali zaidi, WLTP, pamoja na upimaji wa barabarani. Pengo kati ya maabara na barabara bado lipo. Ripoti ya Kamisheni ya Ulaya ya 2024 ilionyesha magari ya petroli na dizeli yakitoa barabarani kaboni dioksidi, ambayo huendana na mafuta yanayochomwa, takriban asilimia 20 zaidi ya maabara. Haibridi za kuchaji, yaani magari yenye injini ya mafuta na betri ya kuchajiwa, zilitoa mara 3.5 ya kiwango cha maabara, kwa kuwa wamiliki hawazichaji kama ilivyodhaniwa. Hapo ndipo penye dhuluma, maana nchi kadhaa zimezipa nafuu ya kodi kwa namba hizo za maabara. Magari mapya ya Ulaya sasa hurekodi yenyewe matumizi halisi. Mnunuzi anastahili kuonyeshwa rekodi hizo kabla hajalipa.