Malipo Yakikwama, Ofisi Gani Inawajibika?

Mfanyabiashara wa Suneka anapolipia leseni ya biashara kwa simu, pesa zake hupitia mifumo kadhaa kabla ya leseni kutoka. Mfumo wa kampuni ya simu hukata pesa, wa benki huzipokea, na wa mapato hulinganisha malipo na jina la biashara. Kila mfumo hufanya kazi yake, kisha hukabidhi taarifa kwa unaofuata.

Mpangilio huu una faida: mfumo mmoja ukirekebishwa, si lazima mingine ijengwe upya. Hata hivyo, kiungo kimoja kikikatika, mwananchi hubaki na ujumbe wa M-Pesa bila leseni.

Wakenya walishuhudia hatari hiyo Julai 2023, jukwaa la eCitizen liliposhambuliwa kimtandao. Kwa kuwa huduma nyingi za serikali hupitia lango hilo moja, waliotafuta pasipoti na waliotafuta leseni za udereva walitatizika kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mifumo iliyounganishwa huhitaji kanuni, si kompyuta pekee. Kanuni kuu ni nne:

1. Kila huduma iwe na msimamizi. Ijulikane ni ofisi gani inajibu kila hatua inapokwama.

2. Mabadiliko yatangazwe mapema. Idara ikibadilisha fomu au namba ya akaunti, idara zinazoitegemea zijulishwe na zijaribu kwanza.

3. Kila mfumo upate taarifa unazohitaji tu. Ofisi ya leseni haina haja ya rekodi zako za hospitali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 data zikivuja na kuhatarisha wenyewe.

4. Kuwe na njia mbadala. Mtandao ukipotea, mwananchi ahudumiwe na kumbukumbu ziingizwe baadaye.

Mkazi afanye nini?

Hifadhi ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Usilipe mara ya pili kabla malipo ya kwanza hayajafuatiliwa. Usimpe yeyote PIN yako. Haihitajiki kufuatilia malipo.

Una haki ya kuona taarifa zako zilizohifadhiwa na kuomba makosa yarekebishwe. Aidha, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi la taarifa. Ukiambiwa "mfumo umekataa", uliza: ni mfumo upi, na ofisi gani inausimamia?