Anaongea, lakini hasemi kitu

"Daktari, mwanangu anaongea, lakini hasemi kitu."

Hayo ni maneno ya mama mmoja wa mtaa wa Langas hapa mjini Eldoret, alipomleta kwangu kijana wake wa miaka 20. Baadhi ya mambo yao nimeyabadilisha ili wasitambulike, lakini mazungumzo yetu yalikuwa hivi.

Nilimsalimia kijana, akaitikia vyema. Hakuwa na homa. Nikamwuliza: "Leo mmefika hapa kwa njia gani?"

Akajibu: "Tulikuja na matatu. Matatu ni tatu, Baba, Mwana na Roho. Roho yangu inauma, na jino linauma, ndiyo sababu serikali imefunga barabara."

Msomaji, litazame jibu hilo tena. Kila sentensi imekamilika, na Kiswahili chake hakina kosa. Lakini neno moja limevuta jingine kwa mlio wake au kwa maana yake ya pili, na swali langu likaachwa njiani. Matatu imezaa tatu, tatu imezaa Utatu, roho imezaa maumivu. Mwisho wake ni mahali ambapo msikilizaji hawezi kufika pamoja naye.

Nikamgeukia mama: "Ameanza lini kuzungumza hivi?" Akafikiri kidogo. "Hivi hasa, ni majuma mawili. Lakini tangu mwezi wa nne alikuwa akiacha maneno katikati. Nilidhani ni ujeuri wa vijana." Wakati huo tulikuwa katika mwezi wa kumi na mbili.

Miezi hiyo minane ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

NI UGONJWA GANI?

Hali aliyokuwa nayo kijana huyu madaktari huiita saikosisi. Mgonjwa hushindwa kutofautisha mambo yaliyopo na yasiyokuwepo. Huenda akasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akaamini kabisa kwamba majirani wanapanga kumdhuru. Ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi hili ni skizofrenia. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa watu wapatao milioni 24 ulimwenguni walikuwa wakiugua skizofrenia, yaani karibu mtu mmoja katika kila 300. Aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na wanaume hupatwa mapema kuliko wanawake.

Watu wengi hungoja mgonjwa avue nguo barabarani au arushe mawe ndipo waseme ameugua. Lakini maradhi haya mara nyingi hupiga hodi mapema kwa njia ya usemi. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyelitoa jina skizofrenia mwaka 1908, aliona kwamba kiini cha ugonjwa huo ni kulegea kwa nyuzi zinazounganisha wazo moja na lingine. Nyuzi hizo zikilegea ndani ya kichwa, sisi tulio nje huzisikia katika mazungumzo.

SIKILIZA HAYA

Dalili za usemi huja kwa sura mbalimbali.

Kwanza, mgonjwa huruka kutoka jambo moja hadi jingine, kama kijana wetu. Pili, maneno hupungua: mtu aliyekuwa mcheshi sasa hujibu "ndiyo", "sijui", kisha kimya. Dalili hii ya ukimya hupuuzwa kuliko zote, kwa sababu haimsumbui mtu. Tatu, hunyamaza ghafla katikati ya sentensi, na ukimwuliza husema wazo limemtoka, au hata kwamba limenyakuliwa. Nne, hubuni maneno ambayo ni yeye tu anayejua maana yake. Tano, huyarudia maneno yako kama mwangwi.

Sita, na hii haitambuliwi kwa urahisi, hushindwa kufahamu mafumbo, mizaha na methali. Ukimwuliza maana ya "haraka haraka haina baraka", huenda akaanza kukueleza habari za mtu anayeitwa Baraka. Madaktari wametumia methali kupima fikra za wagonjwa kwa miaka mingi. Hata hivyo kipimo hiki kina mtego wake. Kijana aliyezaliwa mjini na kukulia katika Sheng anaweza kuwa na akili timamu na bado asiijue methali hiyo.

MAMA NDIYE KIPIMO

Hapa Eldoret mtoto anaweza kuzungumza Kinandi na nyanya yake, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani na Sheng na wenzake. Akija kwa daktari, huhojiwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Akijibu polepole, je, ni ugonjwa au anatafuta neno? Akichanganya lugha tatu katika sentensi moja, je, amevurugikiwa au ndivyo vijana wanavyozungumza?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kuthibitisha saikosisi. Vipimo tunavyofanya ni vya kuondoa shaka ya maradhi mengine. Ndiyo maana namtegemea mtu wa nyumbani. Swali la maana si kama kijana anazungumza tofauti na watu wengine. Swali ni kama anazungumza tofauti na alivyokuwa yeye mwenyewe miezi sita iliyopita, hata katika lugha ya mama. Jibu la swali hilo analo mzazi, ndugu au rafiki anayelala naye chumba kimoja.

Vivyo hivyo kwa mambo ya dini. Muumini anayenena kwa lugha kanisani pamoja na wenzake, kisha akarudi nyumbani akapika, akauliza bei ya unga na kucheka na watoto, si mgonjwa. Tuwe na wasiwasi pale ambapo maneno yasiyoeleweka yanamfuata jikoni na kazini, huku akikosa usingizi, akijitenga, akiacha kuoga au akishindwa na masomo.

SI KILA MVURUGIKO NI SAIKOSISI

Kuna hali zinazohitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mtu anayepayuka akiwa na homa, maumivu makali ya kichwa, shingo iliyokakamaa au degedege anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani au uti wa mgongo. Aliyeanguka na bodaboda kisha maneno yakavurugika huenda anavuja damu ndani ya kichwa. Mtu mzima ambaye maneno yamempotea ghafla, mdomo umekwenda upande na mkono umelegea, amepatwa na kiharusi. Bangi, pombe na miraa nazo huweza kuvuruga fikra, na bangi huongeza hatari ya saikosisi yenyewe. Kigugumizi ni jambo jingine kabisa. Mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema, ila sauti inakwama.

TIBA NA ULIMI MZITO

Dawa ya kwanza ya maradhi haya, chlorpromazine, ilianza kutumiwa mjini Paris mwaka 1952. Leo zipo nyingine kama haloperidol, risperidone na olanzapine. Kwa wagonjwa wengi, dawa hizi hupunguza zile sauti, na mazungumzo huanza kupangika baada ya majuma kadhaa. Lakini tuseme ukweli: husaidia zaidi mazungumzo yaliyovurugika kuliko ule ukimya. Ukimya huhitaji subira, kazi ndogo ndogo na watu wa kuzungumza naye. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa nyumbani.

Siku ya tatu ya matibabu, mama yule alinipigia simu akiwa na hofu: "Daktari, sasa ulimi umekuwa mzito na taya limekaza. Ugonjwa umezidi!" Haukuwa ugonjwa. Baadhi ya dawa hizi hukaza misuli ya taya, ulimi na shingo, hasa siku za mwanzo. Hali hiyo hutibika haraka kwa sindano, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Familia nyingi hutupa dawa hapo, wakidhani wamepewa sumu. Usizitupe. Mrudishe mgonjwa hospitalini mara moja.

NYUMBANI UFANYE NINI?

Zungumza naye kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati. Zima redio. Ukimwuliza swali, mpe nafasi ya kujibu, wala usimmalizie maneno. Usipohisi umemwelewa, mwambie kwa upole: "Hapo sijakufuata, nieleze tena." Usibishane naye kuhusu sauti anazosikia, na usijifanye unazisikia. Zaidi ya yote, usiruhusu watoto wamcheke au wamwigize.

Mkitaka kumwombea, mwombeeni, lakini maombi yasichukue nafasi ya daktari. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kuwa kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila tiba, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Wala si lazima asafirishwe hadi Mathari, Nairobi, jina ambalo watu wengi huliogopa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini ina kitengo cha magonjwa ya akili, na daktari yeyote anaweza kuanza kumchunguza mgonjwa na kumpa barua ya kwenda huko.

Kijana wetu alipoteza mwaka mmoja wa chuo. Sasa humsaidia mjomba wake dukani na hunywa dawa zake. Bado huzungumza polepole, na siku nyingine husema maneno machache tu. Alipokuja mara ya mwisho nilimwuliza lile swali la kwanza: mmefika hapa kwa njia gani?

Akanyamaza. Mama alitaka kumjibia, nikamwashiria angoje.

"Tumetembea," akasema kijana. "Mama hakuwa na nauli."

Jibu lilikuwa fupi, nasi sote watatu tulilielewa. Kama mtu wa nyumbani kwako ameanza kupotea katika mazungumzo, usingoje miezi minane. Mlete angali karibu.