Soma Nyuma ya Pakiti: Kemia ya Chumvi, Jiki na Kipimo cha Pumzi

Wazazi wengi tulioko huku tunaliogopa daftari la kemia la mtoto kuliko bili ya gesi. Mtoto anauliza isotopu ni nini, baba anajifanya anaongea na simu. Wale tuliosoma Tanzania tulifundishwa sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha sekondari tukavushwa ghafla kwenye Kiingereza, na kemia ikabaki kuwa maneno ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, katika wodi ya wagonjwa wa figo. Kemia ninayoitumia kazini ni ileile iliyomo kwenye daftari hilo, na sehemu kubwa iko jikoni kwenu pia. Tuanze na chumvi.

Chumvi ya Bagamoyo, ya Uvinza, ya Katwe kule Uganda, au ile ya dukani mtaani kwako, kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja: sodiamu kloraidi. Jina lina sehemu mbili kwa sababu vilivyomo ni viwili. Ili kuelewa vimeunganaje, lazima tuingie ndani ya atomu.

Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na nyutroni, ambazo hazina chaji. Nje ya kiini kuna elektroni, zenye chaji hasi, zimejipanga kwa ngazi. Kinachoipa elementi jina ni idadi ya protoni peke yake. Protoni 11 ni sodiamu, 17 ni klorini, 19 ni potasiamu. Hakuna sodiamu yenye protoni 12. Hiyo ni magnesiamu.

Elektroni 11 za sodiamu hukaa 2, 8, kisha 1. Za klorini hukaa 2, 8, 7. Ngazi ya nje ikiwa na 8, atomu hutulia. Kwa hiyo sodiamu ina moja ya kutoa, na klorini ina nafasi ya moja. Wakikutana, sodiamu inatoa na kubaki na chaji chanya, klorini inapokea na kupata chaji hasi. Atomu yenye chaji tunaiita ioni, na ioni za chaji tofauti huvutana. Hapo ndipo klorini inapobadili jina na kuwa kloraidi, na mabadiliko hayo si mapambo. Klorini ni gesi ya sumu iliyotumiwa kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Kloraidi iko kwenye damu yako sasa hivi, na kwenye dripu ya maji ya chumvi tunayowatundikia wagonjwa, ambayo ina gramu 9 za sodiamu kloraidi kwa kila lita.

Wanafunzi hulalamika kwamba alama ya sodiamu ni Na wakati jina halina N. Alama hiyo inatokana na jina la Kilatini natrium, lililotokana na natron, yaani magadi. Ndilo jina la Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Potasiamu ni K, kutoka kalium, na mzizi wake ni neno la Kiarabu la majivu ya mimea; walioko Oman na Ghuba watalitambua. Humphry Davy alizitenga elementi zote mbili kwa umeme mwaka 1807.

Na hizo mbili ni ndugu hasa. Potasiamu hupanga elektroni zake 2, 8, 8, 1, kwa hiyo nayo ina moja ya kutoa, na inaungana na klorini kwa namna ileile: potasiamu kloraidi, KCl. Ni unga mweupe, una ladha ya chumvi ingawa huacha uchungu kidogo ulimini. Ndiyo maana viwanda huutumia kutengeneza ile chumvi inayouzwa kama yenye sodiamu kidogo. Kwa mtu mwenye figo nzima na asiyetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka, chumvi hiyo yaweza hata kumsaidia kushusha presha. Tatizo ni kwamba wanaoikimbilia zaidi ni wagonjwa wa presha, na wengi wao figo zao si nzima.

Mwaka jana rafiki yangu mmoja alinipigia simu jioni.

"Dada, mama mkwe yuko huku wiki ya tatu sasa. Ana presha, na figo walimwambia haziko sawa. Nampikia na ile chumvi ya wenye presha, lakini leo anasema miguu imelegea, hataki hata kunyanyuka."

"Nisomee nyuma ya pakiti. Kilichoandikwa cha kwanza ni nini?"

"Potasiamu kloraidi. Halafu ndiyo sodiamu kloraidi."

"Na dawa zake?"

Akanisomea ramiprili na spironolaktoni. Dawa zote mbili ni nzuri, na zote mbili huzifanya figo zibakize potasiamu mwilini. Nikamwambia aifunike sufuria, amvalishe mama koti, waende hospitali usiku uleule wakiwa na pakiti mkononi. Potasiamu ilikuwa 6.4. Kawaida, kwa lita moja ya damu, haitakiwi kuzidi kama 5.3, maabara hutofautiana kidogo. Walimpima mapigo ya moyo, wakamtibu, akalala siku mbili.

Kwa nini nambari ndogo hivyo ituhangaishe? Kwa sababu potasiamu nyingi hukaa ndani ya seli, na kidogo tu hukaa nje yake, kwenye damu. Tofauti hiyo ndiyo inayowezesha moyo kupiga kwa mpangilio. Ikizidi nje, moyo hupoteza mpangilio na unaweza kusimama bila dalili ya kumtisha mtu. Hapa Uingereza, tangu agizo la mwaka 2002, vichupa vya potasiamu kloraidi nzito havikai tena kwenye rafu za wodi za kawaida pamoja na vile vya sodiamu kloraidi, kwa sababu vilifanana na watu walikufa. Mzazi wako akiwa na figo mbovu, au anatumia dawa za presha za aina hiyo, muulize daktari au mfamasia kabla ya kubadili chumvi. Na asiache dawa kwa ushauri wa makala.

Sasa tuhamie chini ya sinki. Miisho ya majina ya kampaundi ina maana, na mwanafunzi akiishika mapema atapata alama za bure. Mwisho wa -aidi, kama kloraidi au salfaidi, kwa kawaida huonyesha elementi mbili tu. Mwisho wa -eti, kama salfeti au naitreti, huonyesha kwamba oksijeni imeingia. Mwisho wa -aiti, kama salfaiti au naitraiti, una oksijeni pungufu ya -eti. Na mbele ikiwekwa haipo-, imepungua zaidi.

Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, NaClO. Ilinganishe na chumvi, NaCl. Tofauti kwenye karatasi ni oksijeni moja tu. Ila moja unainyunyiza kwenye chipsi, nyingine inaunguza koo. Maji ya sehemu nyingi za Uingereza yana kalsiamu, kwa hiyo tunanunua dawa ya asidi ya kuondoa ule ukoko mweupe wa chooni na kwenye birika. Ukoko huo ni kalsiamu kaboneti, na asidi huumaliza. Lakini mtu akimwaga asidi hiyo juu ya jiki, haipokloraiti inavunjika na klorini inarudi kuwa gesi, ileile ya Ypres, ndani ya choo kisicho na dirisha. Hata siki inatosha kuianzisha. Dawa zenye amonia nazo zisikutane na jiki. Ikishatokea, usijaribu kusafisha. Toka, fungua hewa kama unaweza, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali.

Nambari ndani ya jina nazo zisomwe. Kaboni dayoksaidi ina oksijeni mbili, na unaitoa kila unapopumua. Kaboni monoksaidi ina moja, haina harufu, na hunata kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Jiko la mkaa huitoa. Kila baridi ikianza narudia: nyama choma ifanyike nje, na jiko lisiingizwe ndani eti kupasha chumba joto, hata makaa yakionekana yamekwisha. Weka kengele ya kaboni monoksaidi nyumbani.

Imebaki isotopu. Nilisema protoni ndizo zinazotoa jina. Nyutroni zinaweza kutofautiana bila jina kubadilika. Klorini, kwa mfano, ina atomu zenye nyutroni 18 na zenye nyutroni 20. Jumlisha na protoni 17, unapata klorini-35 na klorini-37. Ukichukua klorini yoyote, karibu robo tatu ni 35 na robo ni 37, na wastani wake ni 35.5. Hiyo nusu kwenye jedwali la elementi imetokea hapo, wala hakuna atomu iliyokatwa katikati.

Neno isotopu huwatisha wagonjwa, wanasikia mionzi. Baadhi zina mionzi kweli: ayodini-131 hutumika kutibu tezi ya shingo, na mgonjwa huambiwa akae mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Lakini nyingine ni tulivu kabisa. Kaboni-13 ina nyutroni moja zaidi ya kaboni-12 ya kawaida, haina mionzi, na iko karibu asilimia 1 ya kaboni yote duniani, pamoja na iliyomo kwenye ugali wako. Ndiyo inayotumika kupima bakteria wa vidonda vya tumbo. Unapuliza kwenye kichupa, unakunywa urea iliyotengenezwa kwa kaboni-13, unasubiri kama nusu saa, unapuliza tena. Bakteria wakiwapo tumboni huivunja ile urea, na kaboni-13 hutoka kwenye pumzi ikiwa kaboni dayoksaidi nzito kidogo. Mashine inahesabu tofauti.

Ukipewa barua ya kipimo hicho, angalia tarehe mapema: antibayotiki ziwe zimeachwa wiki 4 kabla, na dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli wiki 2, kwa makubaliano na daktari wako. Vinginevyo bakteria wanaweza kuwapo na kipimo kikasema hawapo.